Barua ya wazi kwa Baraza la Wazee: daftari la washarika mmelihamishia kwa nani?

Kwa:
Mchungaji Kiongozi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Wazee wa Kanisa,
Mhazini na Katibu wa Usharika,
Moshi, Kilimanjaro.

YAH: MFUMO WA KOMPYUTA WA USHARIKA, TAARIFA ZA WASHARIKA NA UJUMBE WA AHADI

Baba Mchungaji, wazee wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeniishia. Nilileta barua ofisini, ikapokelewa na kugongwa muhuri. Nilipokuja kuiulizia niliambiwa iko kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema iko kwa kamati, na kamati yenyewe haijawahi kukutana. Kwenye Mkutano Mkuu wa Usharika hoja ikasukumwa hadi mengineyo, na mengineyo yalipofika muda ukawa umekwisha, tukafunga kwa sala. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima, ndiyo maana sitaji jina la usharika, la kampuni wala la kiongozi yeyote. Wenyewe tunajuana.

Niondoe kwanza maneno yanayozungushwa kwamba "yule mama hataki maendeleo". Kazi yangu ni hesabu za SACCOS, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka baada ya ibada ya pili. Najua madaftari yalivyotuchosha. Kwa mwandiko wa haraka, 1 kwenye namba ya bahasha ya sadaka husomeka 7, na mtu aliyetoa laki mbili akaonekana hajatoa kitu. Karani wetu hupoteza asubuhi nzima akitafuta ubatizo wa mtu aliyezaliwa miaka ya sabini, ambaye anataka cheti cha ubatizo ili akafuatilie cheti cha kuzaliwa RITA. Mlipotangaza kwamba usharika unanunua mfumo, nilipiga makofi, na bado naamini tunauhitaji.

Ila daftari la usharika si orodha ya namba za simu. Tangu wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi huku mlimani mwaka 1893, kanisa letu limekuwa kanisa la vitabu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha mazishi. Kuna watu ambao umri wao na ndoa yao havina ushahidi mwingine duniani isipokuwa mstari mmoja wa wino ulio kabatini kwenu. Vitabu hivyo sasa vimeingizwa kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta vimekwenda mahali ambapo hakuna aliyeweza kunionyesha. Kwa hiyo nauliza: mmevihamishia kwa nani?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mfumo ulinunuliwa kabla ya kujulikana utafanya kazi gani

Fundi wa suti huanza na futi, mkasi hufuata. Kwetu futi haikutolewa mfukoni. Karani hakuulizwa anaombwa nini zaidi dirishani kwake. Wainjilisti wa mitaa hawakuulizwa wanaandikaje wagonjwa, wajane na wahamiaji. Sisi wa meza ya kuhesabu tulikuta kompyuta imeshawekwa na kufunikwa kitambaa. Kampuni ilileta projekta, ikaonyesha michoro ya duara yenye rangi nzuri, Baraza likapitisha.

Programu nyingi za kuendesha kanisa zimetungwa Marekani na Uingereza, na zimebeba maisha ya huko. Familia, kwa programu hizo, ni baba, mama na watoto wenye jina moja la ukoo wanaokaa nyumba moja. Sehemu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa mara nyingi ni taarifa ya sadaka ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa Mmarekani huweza kuitumia kwenye hesabu zake za kodi akapata nafuu. Sisi taarifa hiyo tunaihitaji kidogo sana. Tunachohitaji ni barua ya utambulisho ya msharika anayehama, matangazo ya ndoa, na orodha ya kipaimara inayoungana na ubatizo hata kama mtoto alibatizwa usharika mwingine. Hayo matatu mfumo wetu hauyajui. Karani anayaandika kwa Word, pembeni, kama zamani.

Tazameni familia zetu. Mama ameolewa kwa akina Lyimo, lakini kwenye kitambulisho, kwenye bahasha na kwenye M-Pesa ni Massawe wa kwao. Wajukuu wanalelewa na bibi Kibosho, wazazi wako Dar. Mfumo umewafungulia wajukuu hao familia ya peke yao isiyo na mtu mzima, na bibi anayewalea ameandikwa mkazi wa peke yake. Mwalimu wa shule ya Jumapili akitaka kumpigia mzazi wa mtoto aliyeumia, simu inayotokea ni ya Kariakoo.

Na majina? Katika mtaa mmoja tu tuna akina Neema Mushi kadhaa. Wakati wa kuhamisha, majina yanayofanana yaliunganishwa kuwa mtu mmoja bila karani kuitwa athibitishe. Leo tuna msharika mwenye ndoa mbili hai na vipaimara viwili. Kama lingekuwa kweli, Baba Mchungaji ungelisikia zamani bila msaada wa kompyuta.

Tarehe nazo zimevurugika. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 03/04 ameandikwa wa Machi 4 badala ya Aprili 3. Waliozaliwa baada ya tarehe 12 walinusurika, maana hakuna mwezi wa 13. Ndiyo kusema makosa yapo nusunusu, na makosa ya namna hiyo ni magumu kuyakamata kuliko ambayo yangeharibu kila mstari.

Halafu Desemba. Hakuna programu ya kigeni inayoijua Desemba ya Uchagani. Kuanzia wiki ya Krismasi kanisa linafurika hadi kwenye maturubai, na nusu ya waliokaa kwenye maturubai hayo wametoka Dar, Arusha, Mwanza na Dodoma. Hao ni washarika wetu au wageni? Wana bahasha hapa, wanajenga hapa, wanaleta watoto kubatizwa hapa, na siku ikifika watazikwa hapa. Jumapili zilizobaki wanasali huko waliko, na huko nako wana bahasha. Mfumo una visanduku viwili tu, anayeshiriki na asiyeshiriki. Kwa kuwa hawakuonekana kwa miezi kadhaa, ukawahamishia wenyewe kwenye kisanduku cha pili, na ahadi zao za kuchangia jengo zikaondoka kwenye jumla. Mhazini akasimama madhabahuni kutangaza upungufu ambao haukuwepo. Nilimwonea huruma, maana alikuwa akisoma alichopewa.

Mavuno nayo ni yale yale. Mtu analeta yai. Linanadiwa, mnunuzi analirudisha, linanadiwa tena, na tena, mpaka yai moja linaleta fedha kuliko kuku aliyelitaga. Nani ametoa sadaka hapo? Aliyeleta, au wote walionunua? Daftari letu la zamani lilikuwa na safu ya mleta na safu ya wanunuzi, na halikuwahi kutushinda. Mfumo una nafasi ya jina moja na kiasi kimoja. Mavuno yaliyopita yote yameingizwa chini ya jina la mzee aliyeshika kipaza sauti.

2. Taarifa zetu ziko kwa fundi wa mfumo, na hakuna mkataba

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nilipouliza nani ana neno kuu la siri la mfumo, jibu lilikuwa fundi. Anwani ya mtandao tunayotumia imesajiliwa kwa jina la fundi. Seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa hizo, inalipiwa na fundi. Ofisi ina neno la siri la kuingiza taarifa na kuzisoma, basi. Nikaomba kuona mkataba, nikaonyeshwa ankara.

Simtuhumu kijana huyo kwa lolote, na kazi yake ya mikono si mbaya. Lakini akiugua? Akipata ajira Dodoma? Tukipishana naye juu ya malipo ya mwaka na akafunga mlango? Hakuna mstari mmoja wa maandishi unaosema taarifa ni mali ya usharika, kwamba nakala ya akiba huchukuliwa kila wakati fulani na kuwekwa mahali pengine, au kwamba siku ya kuachana atazikabidhi zote. Kama Baraza lingeuliza swali moja tu kabla ya kulipa, lingekuwa hili: tukitaka kuondoka, tunatokaje? Programu nzuri ina mahali pa kupakua kila kitu, watu, familia, sakramenti na matoleo, katika faili linalofunguka kwenye Excel. Na ahadi ya mdomo haitoshi: unaweka majina machache ya majaribio, unapakua, unafungua, unaangalia kilichorudi. Kazi hiyo inakwisha kabla chai haijapoa.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataja taarifa nyeti, na ndani yake zimo taarifa za imani ya mtu, taarifa za watoto na miamala ya fedha ya mtu. Hebu fikirini ni ofisi gani nyingine hapa Moshi inayoweka vyote vitatu kwenye ukurasa mmoja. Benki inajua fedha zako na shule inamjua mtoto wako. Usharika unajua vyote, na juu yake unajua nani alikuja kwa Mchungaji kwa shauri la ndoa, kwa sababu mfumo wetu una sehemu ya "maelezo ya kichungaji" na kuna mtu ameanza kuijaza. Sheria inataka anayekusanya na anayechakata taarifa wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Pia inataka taarifa zitumike kwa kazi ile zilizokusanyiwa. Je, usharika umesajiliwa? Fundi je? Seva iko nchini au nje? Niliuliza kwa maandishi, na nasubiri jibu.

3. Ujumbe wa ahadi unaotumwa kwenye simu

Mama mmoja wa mtaa wetu alipokea ujumbe wenye jina la marehemu mumewe, mtu ambaye usharika huu huu ulimzika. Uliandikwa kwamba hajatimiza ahadi ya jengo na asipofanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi jina lake litasomwa kanisani. Nilipoleta suala hilo ofisini nikajibiwa, "Ni mfumo ule, mama, unatuma wenyewe."

Mfumo hauna kinywa. Maneno "jina lako litasomwa" kuna mtu aliyaandika, kuna mwingine aliyeyakubali, na kuna aliyebonyeza yatumwe kwa wote kwa mara moja. Kabla ya hapo ilitakiwa orodha ya mazishi ioanishwe na orodha ya ahadi. Vitabu vyote viwili viko kabati moja.

Makosa mengine kwenye ujumbe huo yana sababu za kawaida kabisa, zinazojulikana na kila aliyewahi kuhamisha orodha. Excel ikiona 0754 mwanzoni mwa namba inadhani ni hesabu, inaitupa sifuri, na namba inabaki na tarakimu tisa. Namba za bahasha zikapatwa na hayo hayo: 0042 imekuwa 42. Safu hizo zinatakiwa kutangazwa kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Hakuna aliyemwambia karani, na karani ndiye anayelaumiwa leo.

Pia mnalipa zaidi ya mnavyopaswa. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160. Ukizidi unagawanywa na kulipiwa kama miwili. Ukiandikwa kwenye Word kisha ukanakiliwa, ile ritifaa ya kwenye ng'ombe huja imepinda, na kwa alama hiyo moja tu nafasi inashuka hadi herufi 70. Tangazo la mnada wa mavuno lilikuwa na ng'ombe wawili. Mhazini, angalia ankara ya mwezi ule.

Lakini hayo ni ya fedha. Lililoumiza ni orodha ya wasiotimiza ahadi, yenye majina, mitaa na kiasi, kupigwa picha kwenye skrini na kuonekana katika makundi ya WhatsApp ambayo hata si ya wazee. Nawajua watu walioacha bahasha kwa sababu hiyo. Bado wanatoa. Wanakunja noti na kuidumbukiza kapuni bila jina, na kwenye mfumo wenu wanahesabiwa wadaiwa.

4. Fedha za simu

Lipa namba iliyobandikwa mlangoni inapokea kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, na mitandao mingine. Jambo jema, hasa kwa wale wa Dar. Ila aliyelipa kwa simu ya mtoto wake anaingia kwa jina la mtoto, na anayelipa bila kutaja kama ni ahadi, fungu la kumi au shukrani anawekwa popote. Siku moja ya juma mtu anapaswa kukaa na taarifa ya mtandao upande huu, na mfumo upande ule, na kupatanisha mstari kwa mstari. Sijaonyeshwa aliyepewa kazi hiyo.

Tena mtu mmoja anaingiza, anaidhinisha na anaweza kufuta. Meza yetu ya kuhesabu haikuwahi kuwa na watu pungufu ya watatu, na kila mmoja alitia sahihi. Mhasibu hafuti kosa. Analisahihisha kwa ingizo jingine ili la kwanza libaki linaonekana. Mfumo unaoruhusu sadaka ya Jumapili iliyopita kufutwa bila alama hauwalindi washarika, na zaidi haumlindi Mhazini mwenyewe siku akisingiziwa.

5. Mafunzo

Yalifanyika alasiri moja, umeme ukakatika, hayakurudiwa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema sharika nyingine zinatumia mfumo huo huo na hazilalamiki. Inawezekana. Nendeni mkawaulize makarani wao badala ya viongozi wao, na mkae nao dirishani saa moja.

Mtasema tumeuziwa kwa bei ya kidugu na kijana wetu wa kipaimara. Nashukuru kwa moyo wake. Lakini kama shida ilikuwa bei, zipo programu huria zisizouzwa kabisa, kwa mfano ChurchCRM, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua na kuiweka kwenye seva ya kukodi. Ina watu, familia, vikundi, ahadi na matoleo. Sisemi ndiyo inayotufaa. Nayo ina familia zake za kigeni, na ingehitaji mtu wa kuitunza na kuiweka sawa. Nasema haikulinganishwa na kitu, wala hakuna kingine kilicholinganishwa. Tunapojenga choo cha usharika tunaita wakandarasi watatu walete makadirio yao.

Mtasema wazee wetu na wainjilisti hawajazoea mambo ya kumbukumbu za kisasa. Hili nalikataa kwa niaba ya babu zetu. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Kilo zilipimwa mbele ya mkulima, zikaandikwa, akapewa stakabadhi, na ole wake karani aliyekosea nusu kilo. Uchagani watu wanajua maana ya jina kuwa kwenye daftari. Makarani wa sensa ya Agosti 2022 walikuwa vijana wa mitaani kwetu, wengine walimu wa shule ya Jumapili, nao walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Tofauti ni kwamba wale walifundishwa kwanza.

Mtasema tumeshalipa, hatuwezi kurudi nyuma. Kilicholipwa kimelipwa. Kinachozungumzwa ni mwaka unaokuja, ambao haujalipiwa.

Na yupo atakayesema mambo ya kanisa hayaanikwi hadharani. Mimi sijaanika jina la mtu. Orodha ya wadaiwa ndiyo imeanikwa, na haikuanikwa na mimi.

Kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Ujumbe wa ahadi usitishwe leo, mpaka orodha ya ahadi ipitishwe kwenye kitabu cha mazishi na kila mwinjilisti athibitishe majina ya mtaa wake. Mama yule aendewe nyumbani kwake na Mchungaji pamoja na mzee wa mtaa, aombwe radhi ana kwa ana. Asitumiwe ujumbe.

(b) Fundi akabidhi neno kuu la siri, usajili wa anwani ya mtandao na nakala kamili ya taarifa zote katika faili linalofunguka kwenye Excel. Nakala iwekwe kwenye kasha la usharika, nyingine nje ya ofisi.

(c) Mkataba uandikwe, usomwe na mwanasheria. Wamo miongoni mwa washarika na wengine wako tayari kujitolea. Utamke wazi kwamba taarifa ni mali ya usharika, utaje nakala ya akiba, usiri, na makabidhiano ya mwisho. Fundi akikataa kutia sahihi, hapo tutakuwa tumejua jambo la maana kwa gharama ndogo.

(d) Usharika uwasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili. Sehemu ya "maelezo ya kichungaji" ifungwe na yaliyokwisha kuandikwa humo yaondolewe. Siri za shauri zikae kwa Mchungaji.

(e) Iundwe kamati ndogo: karani, mwinjilisti mmoja, mjumbe wa meza ya kuhesabu, mwakilishi wa akina mama, kijana mmoja anayejua kompyuta, na mhasibu asiye mjumbe wa Baraza. Kazi yake ya kwanza iwe kuandika, kwenye karatasi zisizozidi mbili, kazi ambazo mfumo lazima ufanye, wana-Desemba na yai la mnada wakiwemo. Ndipo mfumo tulionao upimwe kwa karatasi hizo pamoja na mingine angalau miwili. Ukifaulu, ubaki, sina ugomvi nao.

(f) Mfumo wowote utakaochaguliwa ujaribiwe kwanza kwenye mtaa mmoja kwa miezi mitatu, daftari la mkono likiendelea sambamba. Fedha ziingie mwisho, baada ya majina kukaa sawa. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa visiondolewe kabatini hata mfumo ukiwa mzuri namna gani.

(g) Kila anayeingia kwenye mfumo awe na neno lake la siri na aone yanayomhusu tu. Kiongozi wa kwaya anahitaji simu za wanakwaya wake, hahitaji kujua wanatoa kiasi gani. Wazee wa mitaa wapewe jumla za mtaa badala ya orodha ya majina na kiasi.

(h) Taarifa ya hayo yote isomwe kwenye Mkutano Mkuu ujao wa Usharika, ikiwa ajenda yenye namba yake, kabla ya mengineyo.

Naomba jibu la maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza. Jina langu, mtaa wangu na namba yangu ya bahasha vipo kwenye nakala niliyoileta ofisini kwa mkono. Niko tayari kuitwa, na nikiitwa nitakuja na makaratasi yangu.

Wenu katika Kristo,

Msharika,
mjumbe wa meza ya kuhesabu sadaka.

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Jimbo
Wainjilisti wa mitaa yote
Wenyeviti wa jumuiya
Karani wa Usharika, kwa taarifa, na kwa shukrani